Miguu ya Mtu wa Juu

Egidi alimjua Fulgence kwa miguu. Uso wake aliujua pia, maana walikuwa majirani pale Bombambili, Songea, na kanisani walikaa benchi moja, lakini uso wa mtu unaweza kukudanganya. Miguu ya Fulgence haikuwahi kumdanganya. Miaka yote waliyopasua mbao pamoja, Egidi alikuwa mtu wa chini, yule anayesimama ndani ya shimo na kuuvuta msumeno kuja kwake. Fulgence alikuwa mtu wa juu, anayesimama juu ya gogo na kuufuata mstari. Kutoka shimoni, kitu pekee alichokiona cha mwenzake ni vidole vya miguu vikichungulia ukingoni mwa gogo. Fulgence akichoka, kidole gumba cha kushoto kilijikunja. Akiwa ameamka na ugomvi nyumbani, alisimamia visigino. Na akiwa na furaha, aligonga gogo kwa unyayo kila msumeno ulipopanda, tup, tup, na Egidi kule chini, macho nusu yamefumbwa kwa sababu ya unga wa mbao, alijua kwamba siku hiyo itakwenda vizuri.

Hawakuwa watu wa maneno, na Egidi ndiye aliyezidi. Tangu alipomaliza darasa la saba alikuwa mtu wa aibu, wa aina ile ambaye akipita mbele ya watu waliokaa barazani hajui mikono yake aiweke wapi. Shimoni hakuna anayekuangalia. Mtu wa juu huangalia mstari. Unavuta, anapandisha, unavuta, na mazungumzo yote yanapita kwenye chuma.

Mkewe Ida alizoea kumtania.

"Baba Devota, mimi ningekuwa na wivu, ningeshamfuata huyo Fulgence wako na mchi. Mume wangu anamjua yeye kuliko mimi."

"Acha hizo, mama Devota."

"Niache vipi? Juzi umeniuliza kama nimebadilisha kitenge, nacho ni cha Pasaka iliyopita. Lakini Fulgence akikatwa na mwiba kidoleni, wewe wa kwanza kujua."

Wapasuaji wa upande ule walikuwa na desturi yao. Msumeno hulala kwa mtu wa juu, na tupa ya kunolea hulala kwa mtu wa chini. Hakuna anayeweza kwenda kutafuta kazi peke yake usiku mmoja na kumwacha mwenzake, kwa kuwa mmoja ana chuma butu na mwingine ana tupa isiyo na cha kunoa. Msumeno wa Egidi na Fulgence waliununua pamoja wakiwa vijana, wakatembea nao misituni mpaka huko Mbesa na kwingine, na kila Jumamosi jioni Fulgence aliuleta kwa Egidi, akaulaza juu ya mapaja yake kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga, halafu akakaa pembeni akivuta sigara wakati mwenzake akinoa jino moja baada ya jingine.

Kisha biashara ikafunguliwa nchini. Mitumba ikajaa sokoni, sabuni za kila rangi zikaonekana, na malori ya wafanyabiashara yakaanza kupanda Songea kutafuta mbao. Kiwanda cha mbao cha umma kilikuwa kimeshakufa, mashine zake zikiota kutu, na wafanyakazi wake wamepunguzwa kazini. Mmoja wa waliopunguzwa alikuwa Leo, mtu mnene mwenye haraka, aliyewahi kuwa msimamizi huko. Hakukaa kulia. Alichimba mashimo manne nyuma ya nyumba yake, akatafuta watu wanane, wanne wa juu na wanne wa chini, akasema sasa na yeye ana kiwanda.

Egidi na Fulgence walikuwa shimo la kwanza, na mbao zao zilitoka zimenyooka. Shimo la pili lilikuwa la Polikarp na Muhsini, na hapo ndipo Leo alipopatia maumivu ya kichwa. Polikarp alikuwa mtu wa juu mwenye mdomo mrefu kuliko msumeno. Muhsini, mtu wa chini, alitoka Nakapanya huko Tunduru. Alikuwa kijana wa watu, mpole, asiyekosa swala, lakini mikono yake ilivuta kama ng'ombe wa jembe. Akivuta, Polikarp alikuwa karibu kudondoka shimoni. Mbao zao zilipinda kama nyoka anayevuka njia.

"Wewe unapasua mbao au unang'oa muhogo?" Polikarp alikuwa akipiga kelele kutoka juu.

"Kaka, nawe ufuate basi."

"Nifuate wapi? Kuzimu?"

Wateja wa Leo walikuwa hawachagui; walipakia mbao za mashimo yote kwenye lori moja, na mbao mbovu zikachafua jina la zile nzuri. Leo alishafikiria kumrudisha Muhsini kwao. Ila wakati huohuo binti yake Pamela alikuwa nyumbani likizo kutoka chuo kikuu, alikokuwa akisoma hisabati. Akamwambia baba yake asimfukuze mtu kwanza. Tatizo, alisema, huenda si watu bali ni namna walivyopangwa.

Njia yake ilikuwa rahisi kuieleza. Kila mtu wa chini angepasua na kila mtu wa juu, zamu kwa zamu. Yeye angepima mbao ni kiasi gani, na angevuta uzi aone zimeacha mstari kwa kiasi gani, halafu aipe kila jozi alama. Baada ya hapo angemuuliza kila mmoja, faragha, angependa kufanya kazi na nani, na jibu nalo lingeongeza alama, kwa sababu watu wanaochukiana hawawezi kushika msumeno mmoja. Mwisho angetafuta, kati ya mipangilio yote inayowezekana, ule ambao jumla ya alama za mashimo yote manne inazidi mingine yote.

Fulgence aliposikia alicheka tu. Egidi hakucheka. 

Siku ya Muhsini kupasua na Fulgence, Egidi alikuwa shimo la jirani na Polikarp. Alitega sikio. Mwanzo alisikia msumeno ukikwaruza na kukwama, akafurahi moyoni, akajiona mbaya kwa kufurahi, akaendelea kufurahi. Baadaye mkwaruzo ukapungua. Fulgence alikuwa na mabega mapana na uvumilivu wa mtu anayevua kwa ndoano; aliiachia ile nguvu ya Muhsini ishuke mpaka mwisho, ndipo akapandisha. Kufikia saa ya kula, msumeno wao ulikuwa unaimba.

Egidi akapandwa na kitu ambacho hakukijua jina. Akavuta. Akamtuliza Polikarp kwa mkono wake, akavuta taratibu, sawasawa, bila kukosea, ili upande wa pili wasikie kwamba Egidi naye, hata akipewa Polikarp, mbao zitanyooka. Zikanyooka. Polikarp mwenyewe alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Jioni Pamela akamwita chini ya paa la stoo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Swali langu ni moja tu, na jibu lako haliendi popote. Ungependa kufanya kazi na nani?"

Jina lilikuwa kwenye ulimi. Lakini mtu mzima, baba wa binti aliyekwisha kupata kipaimara, atamwambiaje mtoto wa kike kwamba anamtaka fulani? Na ukimtaja mmoja umewakataa watatu, watu mliokula nao sahani moja mchana uleule. Nyumbani kwao Egidi hilo lilihesabiwa kuwa dharau. Akaangalia vumbi la mbao miguuni pake.

"Yeyote tu, mwanangu. Wote ni wenzangu."

"Kweli, baba? Jina moja tu. Lina alama zake."

"Yeyote."

Jumatatu majina yaliandikwa kwa chaki ukutani mwa stoo. Egidi aliyasoma polepole, kisha akayasoma tena. Fulgence na Muhsini. Polikarp na Egidi.

"Haya, bwana," Polikarp akampiga begani. "Umeachwa. Na talaka yenyewe imeandikwa kwa chaki, hata mvua ikinyesha inafutika. Njoo kwangu, mimi napokea wajane."

Watu wakacheka. Fulgence naye alicheka kidogo, na kicheko kile kidogo Egidi alikwenda nacho nyumbani.

Siku iliyofuata alijikaza akamfuata binti. Aliuliza kwa sauti ndogo mno, hata Pamela akamwomba arudie.

"Nyie wawili ndio jozi bora kuliko zote hapa," Pamela akasema. "Hilo silikatai, baba."

Moyo wa Egidi ukaruka.

"Lakini nikiwaacha pamoja, Muhsini anabaki na baba Polikarp, na mbao zao umeziona."

"Nimeziona."

"Wale wawili wengine wa juu, Muhsini hawamwezi kabisa. Baba Fulgence peke yake ndiye anayemmudu. Na wewe, baba, unaweza na mtu yeyote. Alama zako na baba Polikarp ndizo zilizonishangaza. Kila mmoja wenu amepoteza kidogo, lakini uwanja mzima umepanda."

Egidi akaelewa. Angekuwa hakuelewa, angepata angalau cha kulalamikia; angesema mtoto wa shule hajui kazi. Lakini hesabu ilikuwa ya kweli. Yeye mwenyewe aliijaza siku ile, kila alipouvuta msumeno ili Fulgence asikie.

Mbao zikatoka vizuri mashimo yote, Leo akawa anapiga mluzi. Muhsini akatuma salamu kwao, na haukupita muda mkewe, Mwamvua, akateremka kwenye lori na godoro, kuku wawili na gunia la korosho. Ida ndiye aliyewatafutia chumba.

"Yule mama ana adabu," Ida alisema. "Kanipa korosho bakuli zima. Mbona huli?"

"Zina mafuta."

"Tangu lini korosho zikakushinda, baba Devota?"

Egidi alilisogeza bakuli kando. Zile korosho alikwishaziona mchana. Muhsini alizileta zimefungwa kwenye karatasi, akamwekea Fulgence mkononi. "Karibu, kaka Fulgence, hizi za shamba letu wenyewe," na Fulgence akala huku akisikiliza habari za Nakapanya, yeye ambaye kwa Egidi alikula bila kusema neno. Egidi alikuwa amedhani Fulgence hapendi mazungumzo. Kumbe huenda alikuwa hajapewa mtu wa kuzungumza naye. Wazo hilo lilimchoma kuliko korosho zote za Tunduru.

Hata hivyo kitu kimoja kilibaki kwake. Msumeno ulilala kwa Fulgence kama zamani, na tupa ililala kwa Egidi. Muhsini alikuwa na tupa yake, lakini meno ya msumeno ule yalizoea mkono mmoja. Jumamosi jioni Fulgence aliendelea kuuleta, na kwa muda wa kunoa mambo yalikuwa kama yalivyokuwa.

Ndipo siku moja, katikati ya kazi, Egidi alisikia kutoka shimo la jirani: tup, tup, tup.

Aliacha kuvuta.

"Nini?" Polikarp akainama. "Umeingiwa na kitu jichoni?"

"Ndiyo."

Kilikuwa kile kishindo cha unyayo juu ya gogo. Fulgence alikuwa akimgongea Muhsini.

Jumamosi ile msumeno ulipolazwa mapajani pake, Egidi aliunoa kama kawaida. Fulgence alivuta sigara yake, akaaga kwenda kumwona mgonjwa mtaani, akasema ataupitia baadaye. Egidi akabaki peke yake na chuma. Meno ya msumeno hupindwa kidogo, moja kushoto, moja kulia, yalingane, ili njia iwe pana na msumeno upite katikati. Egidi akayachukua ya kushoto, akayapinda zaidi kidogo, kiasi ambacho jicho la mtu halioni. Hakuruka hata moja. Hilo ndilo lililomshangaza baadaye.

Wiki iliyofuata mbao za Fulgence na Muhsini zilianza kukimbilia upande. Si sana mwanzoni. Kisha sana. Fulgence alipigana na mstari, akasukuma kwa kiuno, akaloa jasho. Muhsini alijilaumu mwenyewe.

"Wallahi ni mkono wangu," alimwambia Leo, kofia mkononi. "Kaka Fulgence hana kosa. Nilidhani nimetulia, kumbe bado."

"Pamela anarudi chuo wiki ijayo," Leo akasema. "Jumatatu atapima tena. Ikiwa ni hivi, turudi kwenye jozi za zamani, na wewe, Muhsini, tutaagana kwa wema. Polikarp hatakuchukua."

"Hata mkinifunga kamba," akasema Polikarp.

Mwamvua alikuwa mlangoni pa uwanja na chakula cha mumewe. Alisikia yote. Aliteremsha bakuli, akalifunika vizuri kwa kitambaa ingawa lilikuwa limefunikwa.

Egidi alisikia pia. Alikuwa amepata alichokitaka. Jumatatu binti angepima, alama za jozi ile zingeanguka, hesabu ingegeuka yenyewe bila mtu kusema neno, na chaki ingeandika: Fulgence na Egidi. Alikwenda nyumbani akijaribu kufurahi. Alikula. Aliongea na mkewe kuhusu kitenge.

Jumamosi Fulgence hakutokea; alikuja Jumapili baada ya misa. Hakuukabidhi msumeno kama zamani. Aliuegemeza ukutani, akakaa kwenye kigoda, akawasha sigara.

"Huu umelala kushoto," akasema.

Egidi akaangalia chini.

"Niliujua tangu Jumatatu, mbao ya kwanza. Mimi nasimama juu ya msumeno huu tangu sina ndevu. Nikasema, pengine mwenzangu alikuwa na usingizi. Jumanne nikasema, pengine macho. Jumatano nikaacha kusema."

"Umemwambia Leo?"

"Ningemwambia, ningekuja hapa?" Fulgence akapuliza moshi. "Yule binti alituuliza kila mtu jina. Mimi nilikutaja wewe. Sikuona haya. Juzi nikamuuliza, basi mbona jina langu halikufaa kitu? Akasema likitajwa upande mmoja lina uzito mdogo, pande mbili ndiyo linaweza kugeuza. Akasema katika uwanja mzima yupo mmoja tu aliyejibu 'yeyote'. Hakumtaja. Ningehitaji anitajie?"

Egidi alihisi masikio yakiwaka moto. Alitaka kueleza habari ya sahani moja, habari ya kukataa watu watatu, habari ya mtoto wa kike. 

"Mtu anasema 'yeyote', halafu anakuja kupinda meno," Fulgence akasema, si kwa hasira. "Sikuelewi, Egidi. Nilidhani nakuelewa."

"Ulimgongea gogo," Egidi akasema.

"Nini?"

"Ulimgongea gogo. Kwa mguu. Nilisikia."

Fulgence akaitazama miguu yake mwenyewe kama mtu aliyeonyeshwa kitu kisicho chake. Ilikuwa wazi kwamba maisha yake yote hakuwahi kujua kuwa anafanya hivyo.

"Sasa sikiliza," akasema akiinuka. "Noa unavyotaka. Ukiuacha hivi, kesho narudi shimo lako, nasimama juu yako kama zamani, na yule anapakia godoro lake. Mimi sitasema neno. Ila siku zote hizo nilikuwa naangalia mstari tu, wewe sikuwahi kukuangalia. Kuanzia kesho nitakuwa nakuangalia mikono."

Akaenda zake bila kumaliza sigara.

Ida alitoka jikoni akamkuta mumewe amekaa, msumeno mapajani, tupa chini.

"Mwamvua kaniuliza nauli ya Nakapanya siku hizi ikoje," akasema. "Nimemwambia asubiri kwanza. Nimefanya vibaya?"

Egidi akaokota tupa. "Hapana," akasema. "Niletee maji."

Aliyarudisha meno ya kushoto, moja moja, akiyapima kwa kucha. Wivu haukupungua hata kidogo. Kila jino alilolinyoosha aliliona likienda kumwimbia mtu mwingine. Alinoa mpaka jua likashuka nyuma ya nyumba, kisha akaubeba msumeno mwenyewe mpaka kwa Fulgence, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Fulgence akapitisha kidole, akatikisa kichwa kwa kukubali, akaupokea. Muhsini alikuwa pale, amekuja kuuliza habari za kesho. Alipouona msumeno umenolewa upya, akaruka kwa furaha.

"Kaka Egidi, Mungu akulipe! Na tupa je? Desturi yenu si inalala kwa mtu wa chini? Sasa nadhani ni haki iwe kwangu."

Egidi, mtu wa aibu, akamtazama usoni.

"Tupa haitoki kwangu," akasema. "Mtauleta kila Jumamosi. Na aulete Fulgence."

Muhsini akaangalia huku na huku, hakujua kama ameonewa au amesaidiwa. Fulgence akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

Jumatatu Pamela alipima. Uzi ukalala juu ya mbao ya Fulgence na Muhsini bila kuacha mwanya. Majina ukutani hayakufutwa. Leo akapiga mluzi, na Mwamvua akapita nyumba ya Egidi na bakuli jingine la korosho.

Shimoni, Egidi alikamata mpini. Juu yake ilikuwa miguu ya Polikarp, mipana, ndani ya makubazi ya tairi, inayohamahama kama kuku asiyepata pa kutagia. Kutoka shimo la jirani ule msumeno alioununua ujanani na kuunoa kwa mkono wake ulikuwa unaimba, na juu ya wimbo kikaanza kile kishindo cha unyayo: tup, tup. Kisha kikanyamaza ghafla, kama cha mtu aliyekumbuka nani anasikia. Egidi akangoja. Baada ya kitambo kikaanza tena, polepole, kwa kujua.

"Vuta basi, mjane!" Polikarp akapiga kelele.

Egidi akavuta.